Kidude Kilichonyamaza Kambu

Sijui kama ni halali. Niseme hilo mapema, kwa sababu kila ninapoanza kusimulia habari hii, lazima atokee mwanamume mmoja wa kunikatiza na kuuliza: lakini sheria inasemaje? Nimeulizwa hivyo na mteja aliyekuja kupunguziwa suruali dukani kwangu Nunguni, ninakoshona sare za shule. Nimeulizwa hivyo matangani, sahani ya wali mkononi. Sheria inasemaje kuhusu kidude ambacho mtu anakibandika ndani ya kioo cha gari lake, kikamlilia pale askari wa trafiki wanapopima mwendo mbele yake? Sijui, na nimechoka kuulizwa. Habari yangu mimi ni ya mama yangu na barabara.

Mama anaishi Kambu, upande wa chini wa barabara kuu ya kwenda Mombasa. Kanisa lake liko upande wa juu. Mawe ya kanisa hilo yalibebwa na wanawake, mama akiwa mmoja wao, wakati ambapo ungeweza kuketi kando ya lami ukamenya kikapu kizima cha mbaazi bila kupitwa na gari la maana. Leo malori yanapita yamefuatana, na kati yao kuna magari madogo yanayotafuta nafasi ya kuyapita. Hakuna daraja la miguu. Hakuna matuta. Wazee wa kanisa walienda kuomba matuta wakarudi na ahadi, wakaenda tena wakarudi wamekunywa soda.

Basi watu wa pale wakajitengenezea njia yao ya kuvuka. Askari wa trafiki hupenda kujibanza upande wa Mombasa, kupita soko kidogo, penye kichaka na kalvati, na mashine yao ya kupima mwendo. Dereva akishawapita, anaanza kuwamulikia taa wenzake wanaokuja kutoka upande wa Nairobi, mchana kweupe, jua likiwaka. Madereva wetu hawapendani kwa jambo lingine lolote. Watakatiziana njia, watatukaniana wazazi, lakini likija suala la askari wanakuwa watoto wa tumbo moja. Sasa fikiria uko pale katikati, kando ya barabara, umesimama unangoja kuvuka. Ukiona taa zinamulika, unajua mambo mawili. Magari yanayotoka Mombasa yametoka tu kupita askari, kwa hiyo yanatembea kwa adabu. Na yale ya kutoka Nairobi yameonywa, kwa hiyo nayo yanapunguza. Hapo ndipo unapovuka.

"Taa zimeongea," watu wa Kambu husema, na mbuzi, mikokoteni na watoto wa shule wote wanavuka.

Askari hawajui kwamba wanavusha watu. Wao wanadhani wanakamata.

Mama alikuwa ndiye msomaji mkuu wa taa. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni siku ya Meza ya Bwana, na wanawake wazee wa upande wa chini wana desturi yao siku hiyo. Hawapandi chochote. Wanapitiana nyumba kwa nyumba, kila mmoja akitoka na kitambaa cheupe kichwani na kuingia kwenye mstari, wakiimba, mpaka wanafika barabarani wakiwa mstari mmoja. Mama yuko mbele kwa sababu ndiye anayeanzisha nyimbo, na kwa sababu macho yake bado ni mazuri. Wimbo unakatika hapo barabarani. Anasimama, anaangalia. Taa zikiongea anainua mkono, wanavuka, na wimbo unaendelea palepale ulipokatika, mpaka ndani ya kanisa. Nikiwa msichana nilikuwa nikiona aibu kidogo kwa ule mstari. Sasa ni kitu ninachotoka Nunguni na kigari changu kizee, milima na mabonde yote yale, ili nikione.

Nikimwambia nimpeleke kwa gari, ananiangalia kama nimemtukana.

"Nibebwe niende kula Meza? Mimi nimekuwa mgonjwa?"

Ndugu yangu, anayenifuata kwa kuzaliwa, ana duka la spea za magari Kitui mjini. Si mhuni. Hanywi pombe, anatoa fungu la kumi, na duka lake lina vibali vyote, vimetundikwa ukutani kwenye fremu kama picha za harusi. Lakini ana ugonjwa mmoja: akishajua kwamba jambo ni halali, kwake limekwisha. Hafikirii zaidi ya hapo. Na kama sheria haijalitaja jambo, basi ni halali mara mbili.

Kidude nilikiona mara ya kwanza tulipokuwa tunaenda Matinyani kumwona shangazi aliyekuwa ameugua. Kilikuwa cheusi, ukubwa wa pakiti ya majani ya chai, kimebandikwa kwenye kioo cha mbele. Tulikuwa tunaenda mbio kupita kiasi. Ghafla kikaanza kulia, pi, pi, pi, na ndugu yangu akapunguza mwendo mpaka nikadhani gari limeharibika. Tulipowapita askari, yeye aliwapungia mkono, uso wake umejaa utakatifu. Kona iliyofuata, akakanyaga tena.

"Si ungeenda polepole tu, tangu mwanzo?" nikamuuliza.

"Dada, hii ni information," akasema. "Yeye amejificha na mashine yake, mimi niko na yangu. Hakuna mahali sheria imesema siwezi kujua kitu. Ni halali kabisa."

"Na shangazi angojee mgonjwa wa pili?"

Akacheka. Akanieleza jinsi kidude kinavyosikia mawimbi ya mashine ya askari, na jinsi alivyokinunua kwa mtu aliyekileta kutoka ng'ambo. Alikuwa na furaha ya mtoto aliyepewa filimbi.

Kitu ambacho hakunieleza, kwa sababu hakukijua, ni kwamba kidude kinasikia tu kile kinachotumwa. Askari akiwa ameshika mashine yake mapajani, hajaibonyeza, hakuna wimbi lolote hewani na kidude hakina la kusema. Kinanyamaza, na ndugu yangu alikuwa amejifundisha kwamba kidude kikinyamaza, hakuna haja ya kupunguza mwendo.

Jumapili ile alikuwa amemwahidi mama kwamba atakuja kanisani. Alitoka Kitui akiwa amechelewa, akapitia barabara ya Kibwezi, akaingia barabara kuu na kuelekea Kambu kutoka upande wa Nairobi. Mimi nilikuwa nimeshafika, niko nje ya kanisa na kina mama wa chai, tunapuliza moto uliokataa kuwaka. Nilisikia mstari ukija ng'ambo ya barabara. Nikasikia wimbo unakatika. Nikainua macho kama kawaida, ili nimwone mama akiinua mkono.

Taa zilikuwa zinaongea. Niliziona mimi mwenyewe, na kila mtu aliyekuwa pale aliziona. Lori la kutoka Mombasa likamulika, basi nyuma yake likamulika, na magari ya kutoka Nairobi yakaanza kupunguza, moja, jingine, yakajipanga kwa heshima. Mama akainua mkono, akaingia barabarani.

Gari jeupe likachomoka nyuma ya yale yaliyopunguza na kuyapita yote.

Mama alikuwa na nafasi ya kurudi nyuma tu, na alirudi, kwa nguvu ambazo sijui mtu wa umri wake anazitoa wapi, akaangukia mkono kwenye kokoto za kando. Gari lilipita pale alipokuwa amesimama. Halikugusa hata nguo yake. Kitambaa cheupe kilivutwa na upepo wa gari kikaenda kunasa kwenye waya wa ua.

Tulivuka tukikimbia. Mkono ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kifundo, ukiutazama unaona. Mama halii, hajawahi, lakini meno yake yalikuwa yanagongana na alikuwa anarudia neno moja tu.

"Taa zilikuwa zimeongea. Zilikuwa zimeongea."

Shemasi mmoja na mimi tukampakia kwenye gari langu. Nilimpigia ndugu yangu simu kumwambia asije kanisani, aje hospitalini moja kwa moja.

"Dada, nitakupigia," akasema kabla sijafungua mdomo. "Niko na askari hapa mbele kidogo ya Kambu. Wananisumbua, wanataka kuchukua kidude yangu."

Nilisimama na simu sikioni. "Umepita hapa kanisani?"

"Nimepita kidogo, nilikuwa nikipita gari zilizokuwa mbele yangu. Wakinimaliza nitageuza nikuje."

"Sasa hivi? Umepita sasa hivi?"

Nyuma yake nilisikia sauti ya mtu ikisema habari ya leseni. Kisha ndugu yangu akasema, polepole, "Kuna mama mmoja alikuwa anaingia barabara. Nilimwona kwa kioo akianguka. Lakini sikumgusa."

"Huyo mama mmoja ni mama yako," nikamwambia, nikakata.

Nimeyafikiria maneno hayo, mama mmoja. Nimeyafikiria nikipiga pasi, nikitia uzi kwenye sindano. Aliona mtu anaanguka nyuma yake, akaendelea. Angekuwa mama wa mtu mwingine angefika kanisani, angekaa benchi la nyuma, na pengine angekula Meza. Hilo ndilo linalonichemsha zaidi ya mkono uliovunjika.

Hospitalini alikuja, ndiyo. Aliinama, akalia, akalipa kila kitu, akashika miguu ya mama. Kilio kile kilikuwa cha kweli. Lakini hata ndani ya kilio alikuwa ananieleza.

"Niliona hizo taa, dada. Niliziona. Lakini kidude ilikuwa imenyamaza, nikasema basi askari wameshaenda, hawa watu wanamulika tu kwa mazoea. Kumbe yule askari alikuwa anaongea kwa simu, hajabonyeza mashine. Ameibonyeza nikiwa hapo karibu yake kabisa. Sasa hiyo ni haki?"

Nilitoka nje ya wadi. Ningebaki ningempiga kiatu.

Kesi ikaja. Alishtakiwa mambo mawili, mwendo na kidude. Mwendo alikubali, akatozwa, akamaliza. Lakini kidude akakataa katakata. Akatafuta wakili, kijana mwenye tai iliyobana shingo, akasimama kortini na kuuliza ni kifungu gani, kifungu gani hasa, kinachokataza raia kuwa na chombo kinachosikia mawimbi yaliyo hewani kwa kila mtu. Upande wa mashtaka ukasema kinazuia kazi ya askari. Wakili akasema na dereva anayewamulikia wenzake taa je, mbona hajaletwa? Watu wakacheka. Siku ikapangwa nyingine, na nyingine. Mimi nilienda mara zote, nikafunga duka, watoto wa watu wakangoja sare, kwa sababu nilitaka kusikia mtu katika chumba kile akitaja mkono wa mama.

Hakuna aliyeutaja. Mama hakuguswa, kwa hiyo hakuwemo. Mwanamke mzee alianguka kando ya barabara, na watu huanguka. Tulizungumza juu ya kidude asubuhi nzima, kikiwa juu ya meza ndani ya mfuko wa plastiki, na kila mtu akakiangalia kwa heshima. Mwishowe upande wa mashtaka ukaliondoa shtaka lile, na kidude kikarudishwa kwa mwenyewe. Ukiniuliza kama maana yake ni kwamba ni halali, sijui. Wakili alisema ndiyo. Askari aliyekuwa mlangoni alisema hapana, wamechoka tu. Karani wa korti alisema inategemea. Kila mmoja wao aliongea kwa uhakika kamili.

Ndugu yangu alikuja nyumbani kwa mama siku ileile, kidude kikiwa kimerudishwa kwenye kioo.

"Mwaitu, nimeshinda," akamwambia.

Mwaitu ni mama, kwa Kikamba, na hata tukizeeka ndivyo tunavyomwita. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na ua, mkono ndani ya plasta, kwa sababu tangu aanguke hapo ndipo alipokuwa anakaa. Hakuwa amevuka tena. Jumapili aliamka, akaoga, akavaa, akafunga kitambaa cheupe kwa mkono mmoja akikataa kusaidiwa, kisha akaketi pale uani na kusikiliza ibada kwenye vipaza sauti vya ng'ambo, lori likipita sala inapotea, likishapita inarudi. Mchungaji alitaka kumletea Meza nyumbani, akakataa. Mstari nao ulikuwa umekufa. Baadhi ya wanawake walibebwa na pikipiki, mmoja mmoja, kimya, na wengine walibaki majumbani. Hakuna aliyekuwa tayari kuinua mkono.

Mama alimgeukia mwanawe. "Umeshinda nani?"

"Kortini, mwaitu. Wamesema kidude si makosa."

"Sawa," akasema. "Sasa mimi uniambie kitu. Hizo taa nilikuwa najua kusoma. Watu wote wa hapa tunasoma hizo. Sasa kumbe kuna gari zingine zinasoma kitu ingine, huko ndani, mimi siwezi kuiona. Nikisimama pale barabara, nitajuaje ni gari gani?"

Ndugu yangu, mtu ambaye ana jibu la kila kitu, ambaye alikuwa ametoka kumlipa mtu mwingine amjibie, aligeuka kuangalia gari lake.

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata kazi ya kufanya. Nilimburuta mpaka kwenye gari lake na kumwambia kwa Kikamba na kwa Kiswahili, ili usiingie ukungu wowote. Sitaki kusikia habari ya sheria. Sitaki pole. Mama alikuwa na njia moja ya kuvuka na yeye ndiye aliyeivunja, kwa hiyo ataijenga upya. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi atatoka Kitui mapema, polepole, na atafanya nitakavyomwambia. Na kama kuna kifungu kinachokataza, wakili wake ana muda.

Na ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Mimi ninaegesha kigari changu upande wa Nairobi, juu ya kimlima, nikitazamana na magari yanayokuja. Yeye anaegesha upande wa Mombasa. Shemasi ananipigia simu mstari ukifika barabarani, mimi nampigia ndugu yangu, na tunaanza kumulika. Kila gari linaloelekea kule tunalimulikia, taa zote, kwa juhudi, kama tuliotoka kuponea chupuchupu mikononi mwa askari. Na madereva wetu, Mungu awabariki na awalaani, wanaamini. Lori lenye haraka zake linapiga breki mpaka linapumua. Vijana wenye magari ya kifahari wanatulia kama wanaenda kuposa. Wananipungia mkono, wananiinulia dole gumba, asante sana mama. Nawaona kwenye kioo wakiteremka pole, vichwa vikigeuka huku na huku kutafuta askari vichakani, na wanachokikuta ni mstari wa wanawake wazee wenye vitambaa vyeupe, wakivuka bila haraka, mama mbele, mkono wake uliopona umeinuliwa juu.

Nikiwaona wakinishukuru nakasirika upya. Kumbe wanaweza. Breki zinafanya kazi, macho yanaona, mguu unajua kujiinua. Lakini ningesimama pale na bango lililoandikwa kwamba mbele kuna mama yangu, wangenipigia honi nitoke njiani.

Jumapili iliyopita tulikuwa tumeshajipanga kila mtu na upande wake, na shemasi alikuwa ametoa habari kwamba mstari umefika. Nikampigia ndugu yangu. Kidude bado kiko kwenye kioo chake, hajakitoa, ni haki yake. Alipokea simu, lakini badala ya kusema sawa akavuta pumzi.

"Dada, nimekuwa nikifikiria," akasema. "Hii maneno ya kuonya watu juu ya askari ambao hawako. Kwani hii yenyewe ni halali?"

Chini kule mama alikuwa amesimama ukingoni mwa lami, anatazama upande wangu, anangoja. Wimbo ulikuwa umekatika.

"Washa taa," nikamwambia.